Pikipiki kwenye mwendo mdogo: kwa nini inayumba, na mkono wa kushoto unatakiwa kufanya nini

Kuna kitu utakiona kwenye kijiwe chochote cha bodaboda hapa Dar, iwe Mbagala, Tandika au Mwenge. Mtu anaikimbiza Boxer yake spidi 80 Morogoro Road bila wasiwasi wowote, ila mwambie ageuze hapohapo mtaani kwenye njia nyembamba bila kushusha mguu, hapo ndo utaona. Miguu yote miwili chini, usukani unacheza kushoto kulia, pikipiki inaruka inasimama inaruka tena, inabidi arudi nyuma kwanza ndo amalizie kona. Na huyo ana miaka barabarani, sio mwanafunzi. Kwa anayejifunza hali ni mbaya zaidi, maana kila akijaribu kwenda taratibu pikipiki inamyumbisha, anaogopa, anaongeza mwendo ili itulie, na akishaongeza mwendo kona haimtoshi tena.

Wengi wakiona hivyo wanasema ni uoga, au mikono haina nguvu, au chombo ni kizito kwake. Mi sikubaliani kabisa. Mwangalie kwa makini mtu anayeangusha pikipiki kwenye mwendo mdogo, karibu mara zote kabla hajaanguka kuna kasekunde alikata nguvu ya injini: alibana klachi yote, au alifunga resi ghafla, au aliweka frii mapema. Pikipiki ilikuwa imeshainama kidogo, ikanyang'anywa kile kilichokuwa kinaisukuma mbele, ikamalizia kwenda chini. Kwaiyo tatizo liko mkononi, na mkono unafundishika. Hofu inapungua yenyewe mkono ukishajua kazi yake, huwezi kuanza kwa kuiondoa hofu kwanza.

Ila kabla ya mkono tuelewane kwanza kwa nini pikipiki inasimama wima, maana ukilijua hili mambo mengine yote yanajipanga.

Maelezo tuliyozoea ni kwamba matairi yakizunguka kwa kasi yanajishikilia yenyewe, na mwendo ukipungua ule ushikiliaji unaisha. Kuna ukweli ndani yake lakini sio wote. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delft kule Uholanzi pamoja na wenzao wa Cornell, Marekani, walichapisha kwenye jarida la Science kazi kuhusu baiskeli ndogo waliyoitengeneza makusudi ili ile nguvu ya matairi kuzunguka ifutike, na bado ukiisukuma ikatembea yenyewe bila mtu ilikuwa inajisimamisha. Kilichoisimamisha ni kwamba kila ilipoanza kulala upande mmoja, tairi la mbele lilikata kuelekea upande huohuo. Yaani ikianguka kushoto, tairi linakata kushoto, magurudumu yanaingia chini ya uzito unaoanguka, inanyanyuka. Pikipiki yako ikiwa kwenye mwendo inafanya hivyohivyo muda wote, marekebisho madogo madogo ambayo wala huyaoni.

Sasa shida ya mwendo mdogo iko hapa. Ule msukumo unaoinyanyua pikipiki ukikata usukani unategemea mwendo, na haupungui kwa ulinganifu, unapungua haraka kuliko mwendo wenyewe. Ukiwa spidi 20 ukakata usukani kidogo unapata msukumo fulani. Spidi 10, ukiukata vilevile, unapata robo yake tu. Spidi 5 unabaki na sehemu moja kati ya 16. Kwaiyo ili upate kunyanyuka kulekule inabidi usukani ukatwe zaidi sana, na ukatwe mapema, kabla pikipiki haijalala. Ndo maana ukienda taratibu usukani unacheza. Kucheza kule sio kosa, ni kazi inafanyika. Kosa ni kuuzuia.

Na hapo ndo hofu inapoingia kuharibu. Mtu akiogopa anakaza mikono, viwiko vinanyooka, anaushika usukani kwa nguvu zake zote. Sasa usukani uliobanwa hauwezi kukata kuelekea pikipiki inapolala, na pikipiki isiyoweza kukata inaanguka, anazidi kuogopa, anazidi kubana. Ukimwambia "usiogope" hujamsaidia kitu. Mwambie alegeze viwiko kama anavyolegeza akiwa amekaa kwenye kiti, abane tenki kwa magoti, ule uzito autoe mikononi auhamishie miguuni na kwenye siti. Hilo analiweza hata akiwa bado anaogopa.

Haya, klachi. Leva ya klachi ina sehemu tatu. Ukiibana mwisho kabisa, injini na tairi la nyuma havigusani. Ukiiachia yote, vimeshikana moja kwa moja. Katikati pale kuna kaeneo kadogo, milimita chache tu za leva, ambako sahani za klachi zinashikana huku zinateleza, injini inapeleka nguvu kiasi na sio yote. Madereva wengi tunaita hafu klachi. Maisha yote ya mwendo mdogo yako ndani ya hizo milimita chache. Mtu anayezijua kwa vidole anageuza popote, mtu asiyezijua atakuwa anaruka na kusimama mpaka siku anauza pikipiki.

Jinsi ya kuzijua ni hivi. Kaa kwenye pikipiki sehemu tambarare, miguu yote chini, weka gia namba moja, klachi umebana, resi juu kidogo ya sailensa, yaani ule mlio injini inapounguruma yenyewe. Anza kuachia klachi polepole mpaka usikie vitu viwili, mlio wa injini unashuka na pikipiki inataka kwenda. Simama hapohapo. Bana tena milimita mbili, achia milimita mbili. Sogea nusu mita, rudi. Nina dada mmoja ninayemfundisha uwanja wa mpira nyuma ya shule huku kwetu, yeye vidole vyake vilikuwa vinafanya kitu kimoja ambacho karibu wote wanaoanza wanafanya: vinaachia vizuri robo tatu ya safari, halafu pikipiki ikianza tu kuvuta vinafunguka vyote kwa pamoja kama mtu kaguswa na umeme. Akaniambia, "Kaka, hii inanivuta yenyewe." Nikamwambia asiiachie pale inapoanza kuvuta, abaki palepale ahesabu mpaka tatu. Tulifanya hiko kitu kimoja peke yake jioni nzima, hakuna kona, hakuna kuchora namba nane, mbele mita moja simama, mbele mita moja simama. Alivyokuja tena alikuwa anaitembeza Boxer pembeni ya mtu anayetembea kwa miguu, miguu yake iko juu ya vikanyagio.

Hapo lazima kuna atakayesema hafu klachi inaunguza klachi. Kwenye gari la kawaida ana hoja, klachi yake ni kavu, ukiiteleza sana inanuka na kuisha. Pikipiki hizi tunazoendesha, Boxer, TVS, Honda, Haojue na ndugu zao, klachi iko ndani ya oili ya injini, sahani kadhaa zimepangana na oili inapita inazipoza. Imetengenezwa kuvumilia kuteleza. Haimaanishi uishikilie nusu saa ukipanda mlima na magunia mawili ya mkaa, hapo joto litazidi na utasikia klachi inaanza kuteleza hata ukiwa umeachia yote. Ila kwa kugeuza, kupita kwenye foleni na mazoezi ya dakika kumi kumi, tumia bila kuonea huruma, mradi oili iko kwenye kiwango na ni ile inayofaa pikipiki, maana zipo oili za magari zenye vilainishi vinavyozifanya sahani ziteleze.

Resi sasa. Kwenye mwendo mdogo resi inatakiwa itulie. Weka juu kidogo ya sailensa na uiache hapo. Pikipiki ya silinda moja ya cc 100 mpaka 150 ikiwa chini inavuta kwa mipigo, pap pap pap, na cheni ina ulegevu wake, kwaiyo kila ukifungua na kufunga resi cheni inalegea halafu inakazika ghafla, ndo ile mishtuko inayokutupa mbele na nyuma, na kila mshtuko ukiwa umeinama kwenye kona ni mwaliko wa kuanguka. Mwendo uuongoze kwa klachi, sio kwa resi. Wengi wana tabia ya kuchezesha mkono wa kulia kila wakati hata wakiwa wamesimama, na mkono huo ukishazoea kucheza ni vigumu kuutuliza.

Halafu kuna breki ya mguu, ya nyuma, ambayo nadhani ndo kitu kinachopuuzwa kuliko vyote. Ukiwa kwenye hafu klachi, resi imetulia, gusa breki ya nyuma kidogo tu uiache imegusa muda wote. Inaonekana haina akili, unasukuma na kuzuia kwa wakati mmoja, ila angalia kinachotokea: cheni inabaki imekazika muda wote, ile mishtuko inapotea, injini ina kitu cha kusukumana nacho kwaiyo inavuta kwa utulivu, na ukitaka kupunguza mwendo unaongeza mguu kidogo, ukitaka kuongeza unapunguza mguu, mikono haijabadilisha chochote. Pikipiki inatulia kabisa. Jaribu mara moja bila breki na mara moja na breki kwenye mstari uleule, hutahitaji mtu akushawishi.

Breki ya mbele usiiguse usukani ukiwa umekatwa. Hii naisema kwa msisitizo maana pikipiki nyingi sana zinalala hivi, tena na watu wazoefu. Tairi la mbele likiwa limegeuka halafu ukalibana, uzito wote unataka kuendelea mbele wakati tairi linaelekea pembeni, matokeo yake pikipiki inapinduka kuelekea ndani ya kona haraka kuliko mguu wako unavyoweza kushuka. Ukiwa unageuza, vidole vya mkono wa kulia vitoe kabisa kwenye leva, vizungushe vyote kwenye mkono wa resi, maana vikiwa juu ya leva siku ukishtuka vitabana tu, havitakuuliza.

Macho yanahitaji aya yao. Mtu akigeuza anaangalia tairi la mbele, au anaangalia mtaro anaouogopa, na pikipiki inaenda palepale. Sio uchawi. Kichwa kikigeuka mabega yanafuata, mabega yakigeuka mikono inafuata, na mikono ndo imeshika usukani. Ukiangalia mtaro unaupeleka usukani mtaroni. Pia ukiangalia chini karibu na tairi unachelewa kujua kwamba unalala, kwa sababu ardhi iliyo karibu inakimbia tu mbele ya macho na haikuonyeshi usawa, kwaiyo unakuja kurekebisha umeshachelewa na unarekebisha kwa nguvu kupita kiasi. Ukitaka kugeuza kurudi ulikotoka, geuza kidevu mpaka kiwe juu ya bega, angalia kule unakotaka tairi liishie, sio katikati ya kona, kule mwisho. Mwanzo inaogopesha kwa sababu unahisi umeacha kuangalia mbele, ndo maana kwanza unahakikisha hakuna gari halafu ndo unageuza kichwa.

Tuje kwenye kona yenyewe. Chukua barabara ya upana wa mita 6 na kitu, unataka kugeuza mara moja bila kurudi nyuma, maana yake duara lako lina nusu kipenyo cha mita 3. Ukiingia na spidi 15, hesabu za fizikia zinataka wewe na pikipiki muiname kama nyuzi 30 ili mlikate hilo duara. Nyuzi 30 ni nyingi, mtu wa kawaida hakubali kulala hivyo pale mtaani kwenye vumbi, kwaiyo anabaki wima, duara linapanuka, anaishia kwenye mchanga wa pembeni. Ukiingia na spidi 10 duara lilelile linataka nyuzi 15 tu. Kwaiyo yule anayeongeza mwendo ili pikipiki itulie amejitengenezea kona isiyowezekana, na tiba yake ni kushuka mwendo, ila ashuke akiwa na hafu klachi na breki ya nyuma, sio kwa kukata nguvu.

Na mwili uende wapi? Kwenye mwendo mkubwa tunalala pamoja na pikipiki. Kwenye kugeuza taratibu ni kinyume: pikipiki ilale ndani, wewe baki wima au egemea nje kidogo. Kanyaga kikanyagio cha upande wa nje, sogeza makalio kidogo nje ya siti, acha pikipiki ilale chini yako. Pikipiki iliyolala zaidi na usukani uliokatwa zaidi inageuka kwenye duara dogo zaidi, na uzito wako ulioko nje unaizuia isilale kupita kiasi. Ukiona bodaboda mzuri anageuza kwenye uchochoro wa Manzese hana hata habari, mwangalie mabega, yuko wima kabisa huku pikipiki imeinama.

Wenzetu wanalipima hili kabla hawajakupa leseni. Japani kuna kipimo cha kupita juu ya daraja jembamba, upana sentimita 30, urefu mita 15, limenyanyuka sentimita 5 tu kutoka chini, na unatakiwa kulipita TARATIBU, sekunde 7 au zaidi kwa pikipiki za kawaida na sekunde 10 au zaidi kwa zile kubwa. Ukidondoka ndo basi umefeli siku hiyo. Piga hesabu, mita 15 kwa sekunde 10 ni kama kilomita 5.4 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Uingereza nao kwenye mtihani wa uwanjani kuna kupita kwa kujipinda katikati ya vizuizi, kuna kuchora nane, na kuna kugeuza ndani ya mistari miwili iliyoachana mita 7.5 bila kushusha mguu. Huku kwetu wengi tumejifunzia kwenye pikipiki ya rafiki, siku mbili tatu, gia zinaingia, safari. Mtu kama huyo hajawahi kufundishwa mwendo mdogo hata kwa dakika moja, halafu tunamshangaa akiangusha abiria getini.

Lile daraja la Japani unaweza kulitengeneza bure. Tafuta uwanja mgumu, usiwe na mchanga wala kokoto, pima hatua 15 kubwa, chora mistari miwili ya majivu au chokaa iliyoachana kama rula ya shule. Mita ya spidi usiitegemee, kwenye pikipiki nyingi waya wake umekatika siku nyingi na hata ikiwa nzima huko chini haisomi vizuri, kwaiyo hesabu sekunde, au rafiki ahesabu kwa simu. Anza na 5, tafuta 7, ukipata 10 bila kugusa mstari na bila kushusha mguu mkono wako wa kushoto umeiva. Kuanzia hapo chora duara, kubwa kwanza, nusu kipenyo kama mita 6, zunguka mpaka uchoke, punguza mita, punguza tena, halafu badilisha upande. Kila mtu ana upande mmoja anaouchukia, wengi ni kulia kwa sababu mkono wa resi unakuwa umekunjwa karibu na tumbo na mtu bila kujua anavuta mafuta. Upande unaouchukia ndo uupe muda. Nane inakuja baada ya maduara mawili kukaa sawa, na kugeuza mtaani kunakuja mwisho. Vizuizi tumia chupa za plastiki za maji ulizotia mchanga kidogo tu, au kandambili, chochote ambacho ukikikanyaga hakikuangushi. Na helmeti iwe kichwani, viatu vilivyofunika kifundo, hata kama ni uwanjani na mwendo ni wa kutembea, maana ukilala kwenye mwendo mdogo kinachoumia ni kifundo cha mguu kilichobanwa chini na shavu la mguu lililogusa ekzosi.

Ikianza kulala kweli na umeona imeshapita pale mguu wako unapoweza kuishikilia, iache. Nasema iache. Pikipiki ya kilo mia na kitu haizuiliwi na goti moja, watu wanavunja miguu wakiokoa indiketa ya elfu chache. Toa mguu, ruka pembeni, izime, halafu uinyanyue kwa utaratibu: geuzia mgongo kwenye siti, chuchumaa, mkono mmoja kwenye usukani uliokatwa kuelekea chini, mwingine kwenye chuma cha nyuma, sukuma kwa miguu kwa kurudi nyuma hatua ndogo ndogo. Kama imelalia kulia toa stendi kwanza kabla hujainyanyua, ili ikivuka upande wa pili ikute stendi inaisubiri. Na iwe kwenye gia ili isitembee.

Kabla ya kujilaumu angalia pia chombo. Kuna pikipiki ambayo hata fundi wa mazoezi atayumba nayo. Waya wa klachi ukiwa mkavu unakwama halafu unaachia ghafla, hakuna vidole vinavyoweza kuishi na huo, utie oili au ubadilishe, bei yake ni ndogo. Leva ya klachi iwe na mchezo wa sentimita moja mpaka mbili kwenye ncha kabla haijaanza kuvuta. Sailensa ikiwa inapanda na kushuka, fundi aiweke sawa. Cheni ikilegea sana mishtuko haitaisha. Upepo wa tairi la mbele ukiwa mdogo usukani unakuwa mzito na mvivu. Halafu kuna bolresi za shingo, yaani beringi ambazo usukani unazungukia, hizi watu wanazisahau kabisa: nyanyua tairi la mbele, zungusha usukani taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, ukihisi kuna sehemu katikati unanasa kama unaingia kwenye kashimo, zimekufa. Usukani unaonasa katikati hauwezi kufanya yale marekebisho madogo tuliyoyasema, na mtu atahangaika miezi akidhani hajui kubalansi.

Kusimama nako ni sehemu ya mwendo mdogo, tena mita ya mwisho ndo inayoangusha. Nyoosha usukani kabla hujasimama, malizia na breki ya nyuma, shusha mguu wa kushoto, wa kulia ubaki kwenye breki. Kama barabara imeinama upande, mguu ushuke upande ulio juu, ule wa chini utakosa ardhi. Kwenye mlima, na watu wa Mwanza na Lushoto wanajua ninachosema, breki ya nyuma ndo inashikilia pikipiki isirudi, unapandisha resi kuliko kawaida, unaachia klachi mpaka mlio ushuke na nyuma ikae chini kidogo, hapo ndo unaachia mguu. Ukiachia mguu kabla mlio haujashuka utarudi nyuma, na kurudi nyuma mlimani ukiwa na abiria ni hali mbaya sana.

Mchanga ule wa pembezoni mwa Kigamboni au Bagamoyo una sheria yake, humo kwenda taratibu sana ndo kunakuzamisha, unahitaji nguvu isiyokatika, mikono imelegea kabisa, macho mbali, tairi la mbele liachwe litafute njia lenyewe, breki ya mbele sahau.

Pikipiki zisizo na klachi, yaani skuta na hizi za umeme zinazoongezeka Kigali, Nairobi na sasa hapa, mkono wa kushoto hauna hafu klachi kwaiyo kazi yote inahamia kwenye breki ya nyuma na resi iliyotulia. Kwenye skuta inafanya kazi vizuri sana. Kwenye za umeme angalia kitu kimoja kwanza, nyingi zinakata mota ukigusa tu breki, na ukikata nguvu katikati ya kona tunajua kinachofuata. Ijaribu uwanjani ukiwa wima kwenye mstari, uone yako inafanyaje, kabla hujaipeleka kwenye foleni ya Kariakoo.

Na abiria. Mtu wa kilo 70 nyuma yako anaweka uzito juu na nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, usukani unapoteza ushiko, na kila akigeuka kuangalia duka wewe unalipa kwenye usukani. Mshikaki, yaani kupakia abiria wawili au zaidi, ni mbaya mara mbili kwa sababu yule wa mwisho anakaa nyuma ya ekseli kabisa, tairi la mbele linataka kunyanyuka. Mama aliyekaa upande uzito wake hauko katikati, pikipiki inavuta kule alikoning'iniza miguu, kwaiyo mwombe kwa heshima apande kwa kutanua miguu kama nguo inaruhusu, na kama hairuhusu wewe egemea kidogo upande wa pili na usigeuze kwenye nafasi finyu ukiwa naye, zunguka mbali. Mwambie kabla ya kona, "Mama, hapa nageuza, kaa katikati usiyumbe," wengi wanatii vizuri tu, ni kwamba hakuna anayewaambia. Na kabla hujampakia mtu kwa mara ya kwanza, funga madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji mpaka juu, moja kila upande, hizo ni kilo 40, rudi kwenye mistari yako ya majivu uanze na sekunde 5 tena. Halafu yapunguze yawe nusu ufanye vilevile, maana maji nusu dumu yanacheza kila ukikata kona, na dumu linalocheza linakufundisha kuhusu abiria anayegeukageuka kuliko maneno yangu yote.